Chukulia Hakuna Msuguano: Mwongozo wa Kanazi kwa Asiyejihadhari

Mwongozo huu ni wako wewe uliyefaulu fizikia. Aliyefeli hauhitaji. Yeye akifika juu ya mteremko hushuka kwenye baiskeli akaikokota, maana hesabu zake hazimpi kiburi. Wewe kiburi unacho, na cheti unacho. Umelelewa na kitabu ambamo kamba haina uzito, puli inazunguka bila kukwama, upepo umekatazwa kuvuma, na boksi la kilo tano limewekwa kwenye mteremko wa nyuzi 30 pasipo mtu kuuliza lina nini ndani wala mwenyewe yuko wapi. Kila swali hufunguliwa kwa maneno yaleyale matamu: chukulia kwamba hakuna msuguano. Umechukulia, umepata vema, umesonga mbele. Sasa unakwenda Kanazi, wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera, kilima baada ya kilima hadi Burundi, na huko ukichukulia, unachukuliwa.

Kufika

Kwanza ufike Kanazi yenyewe. Mkoa huohuo wa Kagera una Kanazi nyingine Bukoba, ile yenye ikulu ya Mukama Kahigi, na ukiitaja Kanazi mbele ya Mhaya hatafikiria nyingine yoyote. Halafu iko Nyakanazi, wilaya ya Biharamulo, njia panda inayogawa wasafiri wa Kahama, Kigoma na Bukoba. Kondakta akiliita jina hilo usiku, abiria aliyelala husikia nusu tu, akanyakua begi na kushuka. Likikukuta hilo, usimlaumu dereva. Kasi ya basi ilikuwa nzuri, mafuta hayakupotea, kilomita zilikuwa kilomita kweli. Kilichokosekana ni mwelekeo.

Na mwelekeo si jambo dogo. Wanaume sita wakisukuma gari lililokwama, watatu kutoka mbele na watatu kutoka nyuma, kila mmoja atatokwa jasho la halali na gari halitasogea hata inchi. Fizikia hailipi jasho. Inajumlisha tu, na katika kujumlisha inaangalia kila mtu ameelekea wapi. Wapo viongozi wa vikundi vya maendeleo ambao wangefaidika na sura hii ya kitabu, lakini tuendelee na safari.

Kutoka Nyakanazi utafika Lusahunga, na kutoka Lusahunga barabara ya kwenda Rusumo ni kilomita 92, kipande kirefu kikiwa pori tupu kando ya hifadhi ya Burigi-Chato. Kabla ya mpakani unaiacha barabara hiyo na kushika ya Ngara. Utapishana na malori ya Kigali na Bujumbura. Yaangalie vizuri, maana ukishafika mlimani yenyewe hayatakuwa na nafasi ya kukuangalia wewe.

Kukaa kwenye mchomoko

Gari la mwisho huenda likawa mchomoko, yaani Probox iliyokwishafanya kazi yote iliyotumwa duniani na sasa inafanya ya ziada. Japani walipoiunda walihesabu watu hadi watano. Hapa kuhesabu kunaanzia watano. Dereva atagawana kiti chake na abiria mmoja, na wewe utaambiwa, "Sogea kidogo bosi, hapo mtu anaenea." Sogea. Bibi atakayekaa pembeni yako atakupa mtoto: "Mjukuu wangu, hebu nishikie huyu." Mpokee, kwa heshima, na umkumbatie barabara. Mkanda wa usalama usiutafute. Upo, ila una kazi nyingine, umefungia dumu la mawese.

Isaac Newton aliyaandika mambo haya mwaka 1687, kabla ya Probox. Alisema kitu kilicho kwenye mwendo kitaendelea na mwendo uleule, kwa mstari ulionyooka, hadi kani fulani ikizuie. Watu huikariri sheria hiyo wakidhani inahusu sayari. Inakuhusu wewe na dashibodi. Mchomoko ukikimbia kilomita 54 kwa saa, kila aliyemo anakimbia kilomita 54 kwa saa, akiwemo mtoto uliyempakata, ingawa amelala. Ni mita 15 kwa kila sekunde. Mbuzi akikatiza, gari likagonga gema na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, limesimama gari. Ninyi bado.

Sasa piga hesabu, wewe si umefaulu. Mtoto ana kilo 10. Ili asimame pamoja na gari, anahitaji kani ya nyutoni 1,500. Hiyo inapaswa kutoka mikononi mwako, na ni sawa na kuambiwa ghafla ushikilie mzigo wa kilo 150 usidondoke. Hakuna bibi wala mjukuu mwenye mikono hiyo. Mkanda ungeiweza kazi, lakini mkanda tumekwishaona unashughulika na mawese.

Msafiri asiyejihadhari huogopa kasi. Ni woga wa bure. Dunia yenyewe inatuzungusha, sisi watu wa karibu na ikweta, kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, na chai haimwagiki. Mwendo haujawahi kumuumiza mtu. Kinachoumiza ni kusimama, hasa kusimama upesi, na upesi huo ndio unaopangwa na kitu utakachokutana nacho. Ukikutana na majani, unasimama polepole. Ukikutana na mkuyu, yeye hana subira.

Kofia ya kiwiko

Kutoka kituoni hadi unakolala utapanda bodaboda. Sheria ya nchi inataka abiria mmoja, na kofia ngumu kwa dereva na abiria wake. Kanazi haina ubishi na sheria, kama ilivyo kwingine Tanzania: kofia ipo. Imevaliwa kiwikoni. Kiwiko cha dereva wa bodaboda ndicho kiungo kinacholindwa kuliko vyote katika nchi hii, na nadhani ndiyo maana huwasikii wakilalamika viwiko. Akimwona trafiki kwa mbali kofia hupanda kichwani, trafiki akipita hushuka tena, kana kwamba lami hugonga vichwa wakati askari yuko zamu tu.

Abiria akipewa kofia ya pili huinusa, akatabasamu, akarudisha. "Ni hapa karibu tu, kaka." Umbali haumo kwenye hesabu hii. Kilichomo ni kichwa cha kilo 5 kikianguka kutoka urefu wa mita 1.8, yaani urefu wa mtu mrefu aliyesimama. Kitafika chini kikiwa na kasi ya mita 6 kwa sekunde, hata kama pikipiki ilikuwa imeegeshwa. Kikitua kikavu kwenye lami, kinasimama ndani ya milimita chache, tuseme mbili, na kani ya kukisimamisha ni nyutoni 45,000. Kikitua ndani ya kofia, lile povu gumu la ndani linabonyea, tuseme sentimita mbili, na kani inashuka hadi 4,500. Bado ni kipigo, lakini ni kipigo cha kusimulia. Fizikia yote ya kofia ndiyo hiyo. Haikupunguzii mwendo wala uzito, inakuongezea nafasi ya kusimamia. Harufu ya jasho la abiria waliotangulia haimo kwenye hesabu.

Mteremko

Hapa ndipo mwongozo ulipokuwa unaelekea. Ukiamka asubuhi utaona barabara inashuka mbele ya nyumba, na kwenye barabara hiyo utamwona mbeba ndizi. Mtazame kabla hujafanya lolote.

Baiskeli yake ni ya chuma, nzito, na nyuma ameifungia mikungu mitano kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu. Kabla ya kuanza kushuka anasimama. Anavuta kila mpira, anapiga mkungu wa juu kofi, anatazama chini barabarani kwa muda unaoweza kumchosha mgeni. Kisha anaanza, kwa miguu. Mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine umeshika kiti, mwili umelalia nyuma. Hanyookei chini. Anakata barabara kimshazari, kutoka ukingo huu hadi ule, halafu anageuka na kurudi, hivyo kwamba njia ya mita mia inamchukua mita mia na hamsini. Baiskeli ikianza kumzidi, anainua mguu na kubana tairi la nyuma kwa katambuga: soli ya tairi juu ya tairi.

Wewe uliyefaulu utamsogelea. "Shikamoo mzee. Mbona hupandi, na ni mteremko?"

"Marahaba mwanangu. Nikipanda, ndizi atazifikisha nani?"

Jibu hilo utalichukulia kuwa ni la mtu ambaye hakusoma. Tulifanyie kazi kwa namba. Mikungu mitano ya kilo 20 ni kilo 100. Baiskeli kilo 20. Yeye kilo 60. Jumla 180. Tuseme mteremko unashuka mita 1 kwa kila mita 10. Uzito wote ni nyutoni 1,800, na sehemu yake ya kumi inavuta kuelekea bondeni: nyutoni 180. Breki za raba za baiskeli hiyo, zikiwa kavu na mpya kiasi, tuseme zinatoa nyutoni 200. Kwa hiyo akiipanda atabakiwa na nyutoni 20 za kumsaidia asimame. Ni akiba ndogo sana hiyo, lakini ipo.

Mwongezee mkungu wa sita. Kilo sasa ni 200, mvuto wa kwenda bondeni nyutoni 200, breki nyutoni 200. Zimelingana. Kitabu kinasema kani zikilingana kitu kinatulia, na ndipo waliofaulu hupumua. Rudi kakisome tena. Kinasema kitu kilichotulia kitaendelea kutulia, na kilicho kwenye mwendo kitaendelea na mwendo wake. Ukiwa umekwishaanza kushuka na mikungu sita, ukabana breki kwa nguvu zako zote, utaendelea kushuka kwa kasi ileile uliyokuwa nayo, vidole vimekakamaa, mpaka barabara iishe. Mkungu wa saba usiniulize. Hapo unabana breki na huku unaongeza mwendo.

Mbeba ndizi hajawahi kuandika namba hizi, lakini anajua ni mkungu wa ngapi unaogeuza biashara kuwa msiba. Ule mshazari wake ni hesabu pia: kimo cha kushuka ni kilekile, njia imerefushwa, hivyo kani ya kumvuta kwa kila hatua imepungua. Wajenzi wa barabara za milimani hulipwa fedha nyingi kuchora kona za namna hiyo. Na aliposhuka kwenye baiskeli alijiondoa mwenyewe kwenye mzigo, kilo 60, na papo hapo akaongeza breki mbili, miguu yake.

Kitabu kinaruhusu pia njia ya pili. Chukulia hakuna msuguano, wala upepo, achia breki. Mteremko wa mita 200 unaoshuka kimo cha mita 20 utakufikisha chini ukiwa na kasi ya mita 20 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 72 kwa saa, juu ya baiskeli, kati ya ndizi. Jambo la ajabu, na ni la kweli tangu enzi za Galileo, ni kwamba uzito haumo kwenye jibu. Mkungu mmoja au mikungu saba, chini mnafika kwa kasi moja. Asiyejihadhari akishaligundua hilo hufurahi: kumbe mzigo haukimbizi, basi niongeze mzigo! Ni kweli haukimbizi. Kazi yake ni kukataa kusimama, na kazi hiyo unaifanya chini, kwenye daraja la magogo.

Mwezi wa nne

Ukitaka kuona kitabu kikitimia, njoo wakati wa masika. Udongo wa vilima hivi ni mwekundu, na mvua ikishanyesha usiku kucha, njia isiyo na lami hukaribia kabisa masharti ya mtihani. Msuguano uliochukulia kuwa haupo, sasa kweli haupo.

Turudi kwa bodaboda wetu, tumpe mwendo uleule wa mchomoko, mita 15 kwa sekunde. Kwenye lami kavu na tambarare, tairi zima linaweza kumpunguzia mita 7 kwa sekunde kila sekunde, hivyo akibana breki atasimama ndani ya mita 16. Kwenye utelezi tuseme anapata 2 tu: sasa anahitaji mita 56. Utelezi huohuo ukiwa kwenye mteremko wa moja kwa kumi, nusu ya breki inaliwa na mlima, na umbali unakuwa mita 112. Hiyo ni bila kuhesabu sekunde moja ya kushangaa, ambayo peke yake ni mita 15. Mteremko ukiwa mkali maradufu, moja kwa tano, hesabu inaleta sifuri kwenye kigawanyo. Mwalimu alikuambia kugawanya kwa sifuri hakuna maana. Mlimani maana yake ni korongo.

Kwa mguu je? Viatu vya ngozi vyenye soli laini, ulivyonunua Kariakoo kwa ajili ya kuripoti kazini, ndivyo hasa tunavyopendekeza kwa asiyejihadhari. Sheria ya tatu ya Newton inasema ukiisukuma ardhi, nayo inakusukuma kwa kani iliyo sawa, kinyume chake. Kutembea ni hilo tu: unaisukuma dunia nyuma, inakusukuma mbele. Lakini mapatano hayo yanapitia kwenye msuguano. Soli ikikosa pa kushika, wewe husukumi kitu, na dunia haina deni nawe. Utapiga hatua nyingi palepale, kwa bidii, kama mtumishi mpya. Pembeni yako atapita bibi peku, mzigo wa kuni kichwani, vidole vya miguu vikichimba udongo kimoja kimoja, na atakupa pole bila kupunguza mwendo.

Mambo haya usije ukayaandika kwenye mtihani wa Baraza. Ukiulizwa boksi litashuka kwa mchapuko gani, andika jibu la boksi lisilo na msuguano, uchukue alama zako. Mimi ugomvi wangu si na swali. Kuondoa msuguano kwanza ili uone mvuto peke yake ni ujanja mzuri, na ndio uliomfikisha Galileo mahali ambapo waliomtangulia hawakufika. Ugomvi wangu ni kwamba tunauondoa kidato cha kwanza halafu tunasahau kuurudisha. Na shule zinalia hazina maabara! Nje ya dirisha kuna miteremko ya kila daraja, kuna baiskeli, kuna ndizi, kuna kamba ya kupimia na saa kwenye simu ya mwalimu. Darasa zima lingeweza kushuka na dumu la maji kwenye toroli, likiongeza lita tano tano, likaona lenyewe ni lita ya ngapi inayoishinda breki. Badala yake wanachora boksi.

Kisimani usiseme neno

Maji katika vilima yako bondeni na nyumba ziko juu. Kwa hiyo kila siku kinamama na watoto wanapandisha maji, dumu la lita 20, kilo 20 pamoja na kidogo ya dumu lenyewe. Ukikutana nao, yako mambo mawili ya kweli kabisa uliyofundishwa, na yote mawili uyameze.

La kwanza: katika fizikia, kazi ni kani ikizidishwa kwa umbali uliosogea upande wa kani hiyo. Anayebeba dumu kichwani kwenye njia tambarare anasukuma juu, lakini anakwenda mbele. Kwa hiyo kazi aliyolifanyia dumu ni sifuri. La pili: aliyetoka nyumbani akaenda kisimani akarudi nyumbani, ukipima mstari ulionyooka kutoka alipoanzia hadi alipoishia, hajaenda popote. Hayo yakiingia kwenye karatasi ni alama nne. Yakitoka mdomoni pale kisimani, mbele ya wanawake waliokaa foleni tangu alfajiri, utajifunza jambo la tatu kuhusu kani, na halitakuwa la nadharia.

Ukilazimika kuongea, taja kupanda. Kupandisha kilo 20 kimo cha mita 100 ni jouli 20,000, hiyo ni kazi ambayo fizikia yenyewe inaikubali, na anaifanya huku akijipandisha na yeye mwenyewe, jouli nyingine 60,000 kwa mwanamke wa kilo 60. Mwambie hivyo. Atakuuliza: "Haya, na wewe mwalimu utalichukua dumu moja?" Chukua.

Katika wilaya yote anayelipwa kwa kushuka ni mto tu. Kagera ikifika Rusumo inaanguka, na tangu zamani ilikuwa inaanguka bure. Sasa pana mitambo mitatu yenye jumla ya megawati 80, na Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana umeme sawa kwa sawa. Maji yale yanafanya kilekile anachofanya mwenye baiskeli aliyeachia breki. Tofauti ni kwamba yenyewe yametayarishiwa kitu cha kukutana nacho chini.

Lori likilia

Limebaki lori. Katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki uzito wa juu unaoruhusiwa ni tani 56, lori na mzigo wake. Lori la namna hiyo likishuka kimo cha mita 100 linapaswa kumalizana na jouli milioni 56. Dereva akitumia breki peke yake, zote zinageuka joto kwenye magurudumu, na joto hilo lingetosha kuchemsha madumu manane ya maji ya lita 20 kutoka ubaridi wa kawaida hadi kutokota. Vyuma vya breki vinaweza kuvumilia kiasi fulani. Vikizidiwa, msuguano wake unapungua, dereva anakanyaga zaidi, joto linaongezeka, msuguano unapungua tena. Ndiyo maana dereva mzoefu huingia mteremko kwa gia ileile ambayo angeupandia, akiiachia injini imshikilie, na breki anaigusa kwa vipindi. Asiyejihadhari huweka nyutro, kwa kuwa amesikia inaokoa mafuta. Hata hayo mafuta haiyaokoi. Mengine yatahesabiwa na bima.

Ng'ambo, Burundi, wapo vijana wa baiskeli wanaoshikilia nyuma ya malori ili wavutwe mlimani na ndizi zao. Ukiwaona usiwaige. Tairi lako likidumbukia kwenye shimo, mkono uko kwenye lori na kiti kiko shimoni, na Newton hatakusaidia kuchagua.

Sasa jambo la kukusaidia, la mwisho na la bure. Unatembea kando ya barabara ya lami, unasikia honi kutoka juu, ndefu, haikatiki. Hiyo si salamu. Usikimbie kufuata mteremko, maana huko ndiko linakokwenda na lina mbio kukuzidi. Usitoe simu. Tazama barabara imepinda wapi. Lori linapokata kona, kitu pekee kinacholigeuza ni msuguano wa matairi unaolivuta kuelekea ndani ya kona, na kasi ikiongezeka mara mbili, kani inayotakiwa huongezeka mara nne. Ikikosekana, lori halifanyi ukorofi wowote. Linatii sheria ya kwanza na kwenda mbele kwa mstari ulionyooka, na mstari huo unatoka barabarani upande wa nje. Kwa hiyo wewe vuka upesi kama kuna nafasi, simama upande wa ndani wa kona, panda gema ukiliona, na ungoje lipite.

Wauza mahindi ya kuchoma hawakufundishwa habari za mzunguko na kani zake. Ila ukiona kibanda cha mahindi kimejengwa upande wa nje wa kona, chini ya mteremko mrefu, ujue mwenyewe ni mgeni kama wewe, na huenda amefaulu.